Treni Inaishia Miritini, Nauli Yako Isiishie Njiani

Tangu Madaraka Express ianze safari mwaka 2017, wateja wetu wa Changamwe, Kisauni na Likoni wamezoea jambo moja: treni inaitwa ya Mombasa, lakini haifiki mjini. Inaishia Miritini, bara. Reli mpya ina upana wa milimita 1,435, na ile ya zamani, iliyoanza kujengwa hapa Mombasa mwaka 1896, ina milimita 1,000 tu. Behewa la reli moja haliwezi kupita kwenye nyingine.

Ndiyo maana Shirika la Reli la Kenya limejenga stesheni nyingine hapo Miritini, ya reli ya zamani, pamoja na daraja la reli Makupa, ili abiria aunganishwe na stesheni ya kisiwani. Mtandao ukikua, malipo nayo yanaongezeka: tiketi ya treni, kisha matatu, tuktuk au boda. Kila malipo ni nafasi ya pesa kupotea. Basi tuyapitie moja moja.

Tiketi ya treni. Tangu Januari 2024, nauli ya daraja la kawaida kati ya Mombasa na Nairobi ni shilingi 1,500, na daraja la kwanza ni 4,500. Familia ya watu wazima wanne kwa daraja la kawaida ni 6,000 kwenda tu. Hiyo si pesa ya kumtumia mtu usiyemjua.

Sikukuu zikikaribia, nafasi hujaa, na hapo ndipo anajitokeza "broka": "Nitumie kwa namba yangu, nitakupatia siti." Kumbuka, tiketi hukatwa kwa jina na namba ya kitambulisho cha msafiri, na stesheni unaulizwa kitambulisho. Hata broka akiwa na tiketi kweli, kama ina jina la mwingine haikufai. Kata mwenyewe kwa *639# au kwenye tovuti ya shirika. Ukiambiwa ulipe kwa namba ya mtu binafsi, wacha.

Unamlipia mama aliye Kisauni nawe uko Nairobi? Weka jina lake na kitambulisho chake, si chako. Kisha mtumie ujumbe wa tiketi wote kama ulivyo na umwambie ni namba gani ya simu iliyotumika, maana huenda akahitaji hayo kuchapisha tiketi stesheni.

Kutoka Miritini. Wa Kisauni atapita kisiwani kisha daraja la Nyali. Wa Likoni anaweza kwenda feri, ambayo kwa anayetembea kwa miguu ni bure, au kushika barabara ya Dongo Kundu bila kuvuka feri. Njia ni tofauti na bei ni tofauti, kwa hiyo patana na dere kabla mzigo haujaingia garini. Ukilipa kwa simu, muulize jina lake, kisha lilinganishe na jina linalotokea kabla hujaweka PIN. Halilingani? Usibonyeze.

Nawe dere. Abiria akikuonyesha ujumbe kwenye simu yake, huo si malipo. Subiri wako, kisha angalia salio. Ujumbe unaweza kuandikwa na mtu yeyote, salio haliongopi. Na mtu akipiga simu kusema amekutumia kimakosa, umrudishie haraka, usiwe mbio. Mwambie aombe marejesho kupitia huduma kwa wateja. Ikiwa pesa iliingia kweli, itarudi kwa njia hiyo. Ikiwa haikuingia, utakuwa umeokoa jasho la siku nzima.

Mwisho, fika Miritini mapema. Kuna ukaguzi wa mizigo na mbwa wa kunusa, na foleni yake haiangalii nani amelipa. Treni ikiondoka kwa wakati wake, simu haiwezi kuirudisha.