Kushika Mkia wa Wimbo



Siku ya wazazi ya muhula uliopita, mzee mmoja alisimama mlangoni mwa bwalo letu, akasikiliza kitambo, kisha akanijia. "Mwalimu," aliniuliza kwa upole, "watoto waimba lugha gani ile? Sisi huku twauza kahawa na maharage tupate kuwanunulia sare na madaftari, nao wajifunza Kijapani?" Sikumjibu vizuri, maana kengele ya chakula ililia na watu wakatawanyika. Leo namjibu yeye, pamoja na wote waliotaka kuuliza wakaona haya.

Mchezo wenyewe niliujua nikiwa mwanafunzi. Mwalimu wetu wa hisabati alikuwa kijana Mjapani, mmoja wa wale wa kujitolea ambao Japani imekuwa ikiwaleta Tanzania tangu mwaka 1967. Jumamosi jioni alitufundisha mchezo wa watoto wa kwao uitwao shiritori, maana yake kushika mkia. Mmoja hutaja neno, na wa pili hutafuta neno linaloanza na silabi iliyolimaliza lile la kwanza. Akisema sakura, ambayo ni maua ya mti wao mashuhuri, wewe wajibu rakuda, yaani ngamia. Mwingine asema daiku, yaani seremala. Anayefuata kutsu, viatu. Na baada yake tsukue, meza. Sharti moja ni kali: anayetaja neno linaloishia na sauti ya n ameshindwa papo hapo, kwa sababu hakuna neno la Kijapani linaloanza na n iliyo peke yake bila irabu. Maskini anayejibu pan, yaani mkate! Ameukata mnyororo.

Wajapani pia ndio waliotupa karaoke. Kara ni tupu, na oke ni kifupi cha neno lao la okestra: muziki upo, mwimbaji hayupo, basi wewe ujaze nafasi yake. Mashine ya namna hiyo ilitengenezwa na mpiga muziki Daisuke Inoue katika mji wa Kobe mwaka 1971. Ukiunganisha mambo hayo mawili wapata mchezo wetu: badala ya kutaja neno, waimba wimbo ambao jina lake laanza na silabi iliyomaliza jina la wimbo uliotangulia. Sisi hatuna mashine. Tuna kinanda cha kwaya, na maneno tunayaandika ubaoni.

Sasa, kwa nini nyimbo za Kijapani? Nakiri kosa langu. Nilipouanzisha mchezo huu hapa shuleni, niliweka sharti kwamba ziimbwe nyimbo za Kiswahili "zinazojulikana na wote." Nilidhani nimetenda haki. Lakini zinazojulikana na wote zilikuwa zile za kwenye simu na televisheni, na wenye vitu hivyo nyumbani walishinda kila Jumamosi. Msichana mmoja wa Kidato cha Kwanza, atokaye kijiji cha juu kuelekea mpaka wa Burundi, alikaa majuma matatu bila kufungua kinywa. Juma la nne hakuja kabisa. Nikakumbuka mwalimu wangu wa hisabati. Nyimbo za Kijapani hazikuwa na mwenyewe hata mmoja bwaloni. Wote wangeanza mstari mmoja, na ndimi zetu zingeziweza, maana silabi nyingi za Kijapani huishia na irabu kama zetu.

Kuzichagua kwataka akili, nami nitaeleza tulivyofanya.

Kwanza, utazame kichwa na mkia wa jina kabla ya kuutazama uzuri wa wimbo. Mnyororo wetu wa kwanza ulikuwa huu: Furusato, wimbo wa shule wa mwaka 1914 unaohusu kukumbuka kijiji cha kwenu, huishia to. Ukapokelewa na Toryanse, wimbo wa kale wa watoto, unaoishia se. Hapo ukaja Sekai ni Hitotsu Dake no Hana, wa kundi la SMAP, uliotamba mwaka 2003, wenye mkia wa na. Ukafuata Nada Soso. Kisha Soran Bushi, wimbo wa wavuvi wa Hokkaido. Na mwisho Shima Uta wa mwaka 1992. Hebu jaribu kuzisoma kwa sauti, uone jinsi mkia unavyoingia katika kichwa.

Pili, ujihadhari na sifa. Lemon wa Kenshi Yonezu, wa mwaka 2018, wapendwa mno kwao, lakini waishia n. Anayeuimba hupigiwa makofi, akisha hushindwa.

Tatu, ujue silabi ngumu. Maneno ya Kijapani yanayoanza na ru ni machache, kwa hiyo mchezaji hodari huimba Kitaguni no Haru wa mwaka 1977, au Subaru wa mwaka 1980, akamwachia mwenzake ru. Mwenzake akikurupuka hushika Ruju no Dengon wa mwaka 1975, ambao kweli waanza na ru, bali mkia wake ni n, naye ameangukia shimoni. Aliyejiandaa hutoa Rubi no Yubiwa wa mwaka 1981, akavuka salama kwa mkia wa wa.

Nne, mpatane mapema ni jina lipi litakalohesabiwa. Wimbo wa Kyu Sakamoto wa mwaka 1961 huitwa kwao Ue o Muite Aruko, lakini Marekani uliongoza mwaka 1963 kwa jina la chakula, Sukiyaki. Jina moja laanza na u, la pili na su. Msipopatana, mtagombana.

Baada ya muhula mmoja wa Kijapani tulirudi katika Kiswahili, na hapo tuliyaona tusiyoyaona zamani. Kiswahili nacho kina silabi zake ngumu: anayeimba Sukari wa Zuchu amwachia mwenzake ri, naye hubaki akiwaza riziki na ripoti. Zaidi ya hayo, Kiswahili ni Kijapani kilichogeuzwa. Kwao n yaweza kusimama peke yake mwishoni mwa neno, lakini haianzi neno. Kwetu m na n zaweza kusimama peke yake mwanzoni, kama katika mti na nchi, lakini hazimalizi neno, isipokuwa maneno machache ya kigeni. Kwa hiyo Mtaa wa Saba wa Mbaraka Mwinshehe hauwezi kushika mkia wa wimbo wowote wa Kiswahili. Wafaa kufungulia mchezo tu. Malaika wa Fadhili William hauna taabu hiyo: waishia ka, na Karubandika wa Orchestra Maquis waupokea mara moja.

Shida kubwa ni mikia ya irabu tupu. Jumamosi moja, upande mmoja uliimba wimbo wa klabu ya afya uitwao Maji ni Uhai. Mkia wake ni i. Upande wa pili walitazamana. Nikaanza kuhesabu hadi kumi. Nilipofika saba, yule msichana wa Kidato cha Kwanza, aliyekuwa amerudi wakati wa Kijapani, akainuka. "Mwalimu, Kiha chakubaliwa?" Bwalo zima likanigeukia. Katika sharti langu la kwanza ningalisema hapana. Nikasema ndiyo. Akaimba wimbo wa wachunga ng'ombe aliofundishwa na babu yake, unaoanza na neno inka. Wale waliokuwa wakimcheka zamani walikuwa wa kwanza kuitikia, maana wengi wao waliujua kutoka kwa babu zao, ila waliona haya kuuimba shuleni.

Tena msidhani ilikuwa bahati tu. Majina ya Kiha hubeba irabu mbele: ng'ombe ni inka, mtoto ni umwana, maji ni amazi. Mahali ambapo Kiswahili chakwama, Kiha kina ghala iliyojaa. Mtoto tuliyedhani hana nyimbo alikuwa nazo zile hasa tulizozikosa.

Basi, mzee wangu uliyesimama mlangoni, hili ndilo jibu langu. Kijapani hakikuletwa kiwe badala ya masomo, wala badala ya lugha ya nyumbani. Kilituweka wote mstari mmoja, kikatufunza kusikiliza silabi, kisha kikaturudisha kwetu tukiwa na masikio mapya.

Likizo hii kila mwanafunzi ana kazi moja. Amwendee babu, bibi, au jirani mzee, ajifunze wimbo mmoja tusioujua hapa shuleni, wa lugha yoyote. Auandike katika daftari: jina, kichwa, mkia, na nani aliyemfundisha. Nanyi wazazi, mtoto akija na kalamu yake jioni mnapoota moto, msimfukuze. Mwimbieni polepole, apate kuandika.