Mödlareuth: Kijiji kilichokatwa vipande viwili na ukuta

UKUTA wa Berlin unafahamika duniani kote. Wasiofahamu wengi ni kwamba kijiji cha Mödlareuth nchini Ujerumani, chenye wakazi wapatao 50 tu, nacho kiliwahi kugawanywa kwa ukuta wa aina hiyo.

Katikati ya kijiji hicho hupita kijito chembamba kiitwacho Tannbach. Mwaka 1810 kijito hicho kilifanywa mpaka kati ya Ufalme wa Bavaria na utawala mdogo wa Reuss, ambao baadaye uliingizwa katika jimbo la Thuringia. Hata hivyo, mpaka huo haukuwatenganisha wanakijiji. Shule na kilabu cha pombe vilikuwa upande wa Thuringia, na kanisani walikwenda upande wa Bavaria.

Hali ilibadilika baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia kumalizika mwaka 1945. Thuringia iliangukia mikononi mwa Urusi ya Kisovieti, na Bavaria mikononi mwa Marekani. Mwaka 1949 yakazaliwa mataifa mawili, na kijito kikawa mpaka wa kimataifa.

Mwaka 1952 Ujerumani Mashariki ilifunga mpaka wake na kuzihamisha kwa nguvu familia ambazo haikuziamini. Mwaka 1966 ukajengwa ukuta wa zege wenye urefu wa mita 700. Wakazi wa mashariki walikatazwa hata kuwapungia mkono jirani zao wa ng'ambo. Wanajeshi wa Marekani walikipachika kijiji hicho jina la "Berlin Ndogo".

Desemba 9, 1989, mwezi mmoja baada ya mpaka wa Berlin kufunguliwa, wanakijiji walipata njia ya kupita kwa miguu. Juni 17, 1990 ukuta ulibomolewa, isipokuwa sehemu iliyohifadhiwa kwa ajili ya makumbusho.

Mpaka wenyewe, hata hivyo, haukuondoka. Mödlareuth ingali katika majimbo mawili, na kila upande una anwani zake za posta na namba zake za simu. Hata salamu hutofautiana: wa Bavaria humtaja Mungu, wa Thuringia hutakiana siku njema.

Tofauti hizo hazimzuii mtu kuvuka kijito. Miaka zaidi ya 200 ya Mödlareuth inaonyesha kuwa kilichowatenga ndugu na majirani si mstari wa ramani, bali ni amri za watawala.