Garimoshi dogo nalo hufunzwa mwendo

MTOTO ameunga injini mbili mbele ya mabehewa 12. Ya mbele ni mpya, aliyopewa juzi kwa siku yake ya kuzaliwa. Ya nyuma ni kuukuu, aliyoachiwa na babu yake. Anazungusha kitufe cha mwendo. Ile mpya inaruka kama panzi na kuikokota mwenzake, ambayo magurudumu yake yanateleza tu relini. Wanapofika kwenye kona, behewa la kwanza linaanguka, na mengine yanalifuata.

Visa kama hivi si vigeni katika nyumba za Ujerumani, Uingereza na Marekani, ambako kujenga reli ndogo za mfano ni burudani ya wazee kwa vijana. Aghalabu mtoto ndiye hulaumiwa, ama injini ya babu huitwa mbovu na kutupwa kabatini. Lakini huenda injini zote mbili ni nzima. Kilichokosekana ni mtu wa kuzifunza kwenda pamoja.

Hata huku kwetu, ambako vifaa hivi ni adimu, mwanafunzi wa fizikia atafaidika kujua jinsi kazi hiyo inavyofanywa.

Amri ndani ya reli

Zamani mwendo uliongozwa kwa kuongeza au kupunguza umeme relini, kuanzia sufuri hadi volti 12 hivi. Injini zote zilizokuwa juu ya reli hiyo ziliondoka pamoja na kusimama pamoja.

Mtindo wa kidijitali uitwao DCC ulibadilisha mambo. Chimbuko lake ni kazi ya kampuni ya Lenz ya Ujerumani, na katika miaka ya 1990 chama cha Marekani cha wapenzi wa reli za mfano, NMRA, kikaufanya kuwa kanuni. Hapa reli hubeba umeme kamili wakati wote, na ndani ya umeme huo mna amri.

Kila injini ina kidude cha elektroniki kiitwacho dikoda, chenye nambari yake kama sanduku la posta. Kikitoka kiwandani huwa na nambari 3, nawe waweza kuibadilisha. Dikoda ikisikia nambari yake, hutii, nyingine hupuuza. Kisha huilisha mota kwa kuwasha na kuzima umeme kwa kasi kubwa mno. Kadiri umeme unavyokaa ukiwaka, ndivyo injini inavyokimbia.

Nambari tano za kukumbuka

Dikoda ina kumbukumbu zinazoitwa CV, ambazo nyingi hujazwa thamani kati ya 0 na 255. CV2 ni nguvu ya kuanzia. Iongeze kidogo kidogo mpaka injini itambae, si kuruka, katika hatua ya kwanza ya kitufe. CV5 ni mwendo wa juu kabisa, na CV6 ni mwendo wa katikati.

CV3 huamua injini ichukue muda gani kupata kasi, na CV4 muda wa kupunguza. Kwa kanuni ya NMRA, ukiweka 10 katika CV3, injini itachukua takriban sekunde 9 kutoka kusimama hadi kasi ya juu. Lakini jihadhari na CV4! Ikiwa kubwa mno, mtoto atarudisha kitufe kwenye sufuri na garimoshi litaendelea mbele hadi ligonge mwisho wa reli. Mwonyeshe kwanza kitufe cha kusimamisha ghafla.

Kupima na kulinganisha

Kwa reli za kipimo cha HO, ambacho ni 1:87, pima mita moja ya reli na ushike saa. Gawanya 313 kwa sekunde zilizotumika. Injini ikichukua sekunde 5, mwendo wake ni sawa na kilomita 63 kwa saa za garimoshi halisi. Madaraka Express, iliyoanza safari za Nairobi na Mombasa mwaka 2017, huweza kwenda kilomita 120 kwa saa. Mfano wake ungepita mita hiyo kwa sekunde 2.6.

Sasa turudi kwa injini zetu mbili. Andika thamani za zamani daftarini kabla ya kugusa chochote. Safisha magurudumu, uziendeshe kwa dakika kadhaa zipate joto, kisha weka CV3 na CV4 kuwa 0 kwa zote mbili. Ile ya polepole ndiyo kipimo, kwani haiwezi kuzidi nguvu zake. Punguza ile ya kasi: CV2 kwa mwendo wa chini, CV5 kwa mwendo wa juu, mwisho CV6.

Ziweke kwenye duara moja, zikiachana kidogo, uzipe amri ileile. Nafasi baina yao isipopungua wala kuongezeka, zimelingana. Rudisha CV3 na CV4, thamani zilezile kwa zote mbili.

Ndipo uunge tena mabehewa 12, umwite mtoto. Akizungusha kitufe, injini ya babu itavuta sehemu yake ya mzigo, na kona ile itapitwa salama. Haraka haraka haina baraka, hata kwa garimoshi la mezani.