KUKU HATAGI NA TUMBO LIMEJAA: TUMIA MKONO KABLA YA DAWA



Tunapotembelea vikundi vya Chaani, Magongo, Mikindani na Miritini, kuna swali ambalo akina mama wanatuuliza kila mara: "Kuku wangu alikuwa akitaga vizuri, sasa amenyamaza. Amejikunyata, tumbo limejaa, na choo chake hakieleweki. Nimpe dawa gani?"

Swali hili si dogo. Mama mwenye kuku watano nyuma ya nyumba akipoteza mmoja, amepoteza sehemu ya tano ya mtaji wake. Mayai yale ndiyo daftari la mtoto, ndiyo sabuni, ndiyo mchango wa chama siku ya Jumapili. Kwa hiyo tunaelewa kwa nini wengi wetu hukimbilia dukani kununua vidonge, hata vile vya binadamu, na kuvimimina kwenye maji ya kuku.

Lakini hebu tungoje kidogo. Mara nyingi ugonjwa wa namna hii hautaki kidonge. Unataka mkono wako, maji, na subira ya usiku mmoja. Katika toleo hili tunaeleza jinsi ya kumpima kuku na la kufanya baada ya kumpima.

MLANGO MMOJA, KAZI MBILI

Kuku hana meno. Chakula anachodonoa huingia kwanza katika gole, yaani ule mfuko ulio chini ya shingo, upande wa mbele. Hapo hulowana. Kisha hushuka hadi kwenye firigisi, ambamo husagwa kwa vijiwe vidogo alivyovimeza. Baada ya hapo hupita matumboni na kutoka nyuma.

Sasa, tundu linalotoa choo ndilo hilo hilo linalotoa yai. Yai likikwama ndani, linabana utumbo. Choo hakipiti vizuri, na gole nalo linabaki limejaa. Kwa hiyo unaweza kuona gole limejaa ukadhani shida ni chakula, kumbe shida ni yai. Ndiyo maana tunasema: pima mbele na nyuma, usipime upande mmoja tu.

KWANZA, JE, NI MGONJWA KWELI?

Si kila kuku asiyetaga ni mgonjwa. Kuku wa kienyeji hutaga mayai kumi hadi kumi na tano hivi, kisha huacha ili aatamie. Akinyonyoka manyoya pia huacha kutaga kwa wiki kadhaa. Wengine hutaga kichakani au kwa jirani, na wewe unabaki kulalamika. Kuku kama huyu macho yake ni maangavu, anakula, anakimbia akifukuzwa. Mwache.

Kuku mgonjwa hujitenga. Husimama wima mkia umeinama, manyoya yamesimama, macho yamefumba nusu. Huyo ndiye wa kupimwa.

KUMPIMA KWA MKONO

1. Jioni, kuku wakishaingia bandani, mshike taratibu na umweke chini ya kwapa. Gusa gole. Jioni ni kawaida liwe limejaa.

2. Mtenge usiku huo kwenye boksi au tenga. Mpe maji, usimpe chakula.

3. Alfajiri gusa gole tena. Kuku mzima gole lake asubuhi huwa tupu. Likiwa bado limejaa, hapo pana tatizo.

4. Gusa tumbo chini ya tundu la nyuma, katikati ya ile mifupa miwili. Usibonyeze kwa nguvu. Ukihisi kitu kigumu cha mviringo, huenda ni yai.

5. Angalia choo kilichobaki usiku. Je, kipo? Kina damu? Kina rangi ya kijani? Ni maji matupu?

6. Fungua mdomo unuse. Je, kuna harufu ya uchachu?

Ukishamaliza, nawa mikono kwa sabuni. Vijidudu vya kuku huweza kumharisha mtoto wako.

GOLE LIKIWA GUMU KAMA DONGE

Hapa chakula kimeshikamana. Katika mitaa yetu sababu zinajulikana: nyasi ndefu zilizokauka, nyuzi za magunia, vipande vya kamba ya nailoni na karatasi za plastiki. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini mwaka 2017, lakini vipande vya plastiki bado vimejaa mitaroni, na kuku hachagui. Sababu nyingine ni kukosa maji. Kuku akila mahindi makavu bila kunywa, chakula kinakuwa kama saruji.

Fanya hivi: zuia chakula kwa siku moja, lakini maji yawepo. Mpe kijiko kidogo cha mafuta ya kupikia, kidogo kidogo kando ya mdomo, asije akapaliwa. Kisha kanda gole kwa vidole taratibu kwa dakika tano, mara tatu au nne kwa siku. Donge likianza kulainika, mpe chakula laini kidogo, kama uji mzito wa pumba.

Usimning'inize kichwa chini ili atapike. Wengi wamefanya hivyo na kuku akafa kwa kupaliwa. Gole lisiposhuka kwa siku mbili, mwite afisa wa mifugo. Huenda ndani mna kamba ambayo haitatoka kwa kukanda.

GOLE LIKIWA LAINI NA LINANUKA

Hili hulegea kama mfuko wa maji, na mdomo unatoa harufu ya pombe. Chakula kimechachia ndani. Hapa Pwani joto letu halisamehe. Machicha ya nazi yaliyokamuliwa asubuhi, jioni yamechacha. Kiporo cha wali au ugali kilicholala kwenye sufuria ni vivyo hivyo. Tunaona ni huruma kumtupia kuku, kumbe tunamtilia sumu.

Zuia chakula kwa siku moja, mpe maji safi tu, ubadilishe mara kwa mara. Usimpe mafuta, na usimkande sana, maana yale maji yanaweza kupanda na kumziba pumzi. Siku ya pili mpe chakula kikavu kidogo na majani mabichi yaliyokatwa katwa. Asipopata nafuu, mwone mtaalamu.

YAI LIKIKWAMA

Dalili zake: kuku anaingia na kutoka kiotani bila kutaga, anajikamua, mkia unapanda na kushuka, anatembea miguu imepanuka. Hutokea zaidi kwa tembe anayeanza kutaga, kuku mnene sana, na kuku aliyepungukiwa na madini.

Tuelewe kwa nini. Yai moja hutengenezwa kwa muda wa siku moja na zaidi kidogo, na sehemu kubwa ya muda huo ni kazi ya ganda. Ganda hilo hubeba kama gramu 2 za kalisi, yale madini yaliyomo kwenye chokaa. Kuku asipoyapata katika chakula, huyatoa kwenye mifupa yake mwenyewe. Mifupa inadhoofika, misuli nayo haina nguvu ya kusukuma. Ndipo yai linakwama, au linatoka laini bila ganda.

Fanya hivi:

1. Tia maji ya vuguvugu kwenye beseni. Yapime kwa kiwiko kama unavyopima ya kumwogesha mtoto mchanga. Mkalishe kuku, tumbo na sehemu ya nyuma vizame, kwa dakika kumi na tano hadi ishirini.

2. Mfute, mpake mafuta safi ya nazi kwenye tundu la nyuma.

3. Mweke mahali penye giza, kimya na joto la kiasi. Mpe maji.

4. Baada ya saa moja au mbili, kama bado, rudia.

Usilivunje yai ndani na usiingize kijiti. Vipande vya ganda humkata na uchafu humwingia. Yai likikaa zaidi ya siku moja, maisha yako hatarini. Mtafute afisa wa mifugo mapema, usingoje mpaka amelala ubavu.

IKIWA NI KUKU ZAIDI YA MMOJA

Hapa lazima tuwe macho. Kuku mmoja akiumwa, fikiria gole na yai. Wakiumwa wawili watatu kwa siku chache, fikiria kideri, ambacho wengine hukiita Newcastle. Ugonjwa huu unajulikana Kenya tangu 1935, na ulionekana kwanza huku kwetu Mombasa. Mayai hupungua ghafla au hutoka na ganda laini, choo huwa cha kijani, kuku anahema mdomo wazi, mbawa zinaanguka, shingo inapinda. Unaona basi, unaweza kuanza kama shida ya mayai na tumbo tu.

Kideri hakina dawa. Kidonge chochote utakachouziwa hakitakitibu. Usikimbize kuku wagonjwa sokoni, maana unampelekea jirani msiba. Waliokufa wachomwe au wafukiwe shimo refu. Piga habari kwa afisa wa mifugo.

Choo chenye damu, hasa kwa vifaranga, ni ugonjwa mwingine, nao una dawa yake. Kuku anayekonda huku anakula huenda ana minyoo. Haya mweleze mtaalamu kwa maneno haya haya, atakusaidia upesi.

TUSICHEZE NA DAWA

Vidonge vya kuua vijidudu havilainishi donge wala havisukumi yai. Zaidi ya hayo, dawa hubaki ndani ya mayai na nyama. Ukipewa dawa na mtaalamu, muulize: "Nikae siku ngapi kabla ya kula mayai?" Siku hizo zimeandikwa kwenye pakiti. Mayai ya siku hizo yasiuzwe wala wasipewe watoto.

Na kuku aliyekufa mwenyewe asiliwe. Jirani zetu Waislamu hawali kibudu, na kwa afya hata sisi Wakristo tuna sababu njema ya kutokula.

KINGA NI RAHISI KULIKO TIBA

Maji. Kuku mzima hunywa kama robo lita kwa siku, na wakati wa joto zaidi. Tunajua Changamwe mifereji hukauka na mtungi unanunuliwa. Hata hivyo kuku wanne wanahitaji lita moja tu na kidogo. Mtungi mmoja wa lita 20 unawatosha zaidi ya wiki mbili. Weka chombo kivulini, kioshe kila siku. Kuku akikosa maji siku moja tu, mayai yanapungua.

Kalisi. Sisi wa Pwani tumebarikiwa. Okota makombe na kaka za chaza, zioshe chumvi, zianike, zitwange, uweke kwenye kikopo kando. Kuku atakula kadiri ya haja yake. Maganda ya mayai pia yanafaa, lakini yakaange na kuyasaga kwanza, asijifunze kula mayai. Chokaa ya kupaka ukuta usimpe, inaunguza.

Changarawe. Ploti nyingi zina sakafu ya saruji, kuku hapati vijiwe vya firigisi. Mletee mchanga mnene.

Chakula. Mahindi yenye ukungu si ya mtu wala ya kuku. Mwaka 2004 sumu ya ukungu iliua watu zaidi ya mia moja katika sehemu za Ukambani. Kuku akila kidogo kidogo ini linaharibika na mayai yanakoma. Dagaa wa chumvi nyingi nao ni hatari, waloweke na uwaoshe kwanza. Mchicha na sukumawiki ni vyema, vikatwe vifupi.

KAZI YA KIKUNDI

Kinga ya kideri ni chanjo, tone moja jichoni, inayorudiwa kila baada ya miezi mitatu hivi. Taabu ni kwamba chupa moja mara nyingi ni ya kuku mia moja au zaidi, na ikishachanganywa hailali mpaka kesho. Mama mwenye kuku watano ataona ni hasara. Lakini akina mama ishirini wenye kuku watano kila mmoja wana kuku mia moja kamili! Chagueni siku moja, changeni, mwiteni afisa wa mifugo awafundishe, na chanjo ibebwe ndani ya barafu. Waalikeni na majirani wasio wa kikundi wala wa dini yetu. Kideri hakiulizi mtu anasali wapi. Kuku wa jirani asiyechanjwa ni mlango uliobaki wazi.

Kumbukeni, chanjo hupewa kuku wazima tu, siyo wanaoumwa tayari.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika kikundi chetu tuna kuku wangapi kwa jumla? Wangapi wamechanjwa?

2. Nani kati yetu yuko tayari kujifunza kuwapima kuku kwa mkono na kuwafundisha wengine?

3. Machicha na viporo vyetu tunavitupa wapi? Kamba na plastiki je?

4. Tutaweka siku gani ya chanjo, na kila mmoja atachanga kiasi gani?

Mungu aibariki kazi ya mikono yenu.