Vumbi la kiangazi: Je, gari lako lina kichujio cha abiria?

Wakati wa kiangazi, yeyote anayesafiri kutoka mjini Machakos kuelekea vilima vya Kalama hulijua vyema vumbi jekundu la barabara za udongo za huko. Lori moja la mchanga likipita, walio nyuma hawaoni mbele. Dereva hupandisha vioo haraka, na wote waliomo garini huamini kwamba sasa wako salama.

Lakini vioo peke yake havitoshi. Feni ya gari huvuta hewa ya nje na kuipuliza ndani kupitia matundu ya dashibodi. Kinachoweza kulizuia vumbi hilo ni kichujio cha hewa ya abiria, ambacho wenye magari wengi hawajui kama kipo.

Magari mengi ya siku hizi yana vichujio viwili vya hewa. Cha kwanza hulinda injini, na fundi hukikagua gari linapofanyiwa sevisi. Cha pili, ambacho mara nyingi hukaa nyuma ya kisanduku kilicho mbele ya abiria, hulinda mapafu ya watu. Hiki ndicho husahauliwa.

Vumbi unaloliona kwa macho silo la hatari zaidi. Chembe kubwa hunaswa puani. Zile zisizozidi maikroni 2.5 hufika hadi kwenye vijifuko vya mapafu. Unywele mmoja wa binadamu una upana wa maikroni 70 hivi. Chembe hizo, zikiwemo za moshi wa dizeli, huchochea pumu na huathiri moyo. Mwaka wa 2012, tawi la Shirika la Afya Duniani (WHO) linaloshughulikia utafiti wa saratani lilitangaza kwamba moshi wa dizeli husababisha saratani.

Kichujio hunasaje chembe ndogo hivyo? Hakifanyi kazi kama chujio la chai tu. Kimetengenezwa kwa nyuzi nyembamba zilizosongamana. Hewa inapopinda kati ya nyuzi, chembe nzito hushindwa kukata kona, hugonga uzi na kunata. Zile ndogo kabisa huyumbayumba hewani hadi zikagusa uzi. Ngumu zaidi kunasa ni za katikati, za maikroni 0.3 hivi, na ndiyo sababu nyuzi za vichujio vingine hutiwa chaji ya umeme ili zizivute.

Vingine huongezwa makaa maalumu ya kufyonza harufu na baadhi ya gesi. Hata hivyo, makaa hayo hayazuii kaboni monoksaidi, gesi inayoua bila kunuka. Ekzosi ikivuja, itengenezwe mara moja.

Mwenye gari afanye nini?

• Mwulize fundi kama kichujio hicho kipo. Magari mengine ya zamani hayana, na mengine yana nafasi yake iliyo tupu.

• Kibadilishe kila mwaka, au baada ya kilomita 15,000 hivi. Kwenye barabara za vumbi, fanya hivyo mapema zaidi.

• Usikipulize kwa mashine ya upepo wala kukipigapiga. Nyuzi zake huharibika.

• Ukiwa nyuma ya lori, funga vioo na ubonyeze swichi ya kuzungusha hewa ya ndani. Vumbi likitulia, izime, kwa maana hewa ya pumzi ikizunguka kwa muda mrefu huleta usingizi.

Kwa abiria wa bodaboda, au wa matatu iliyofunguliwa madirisha, kichujio hakina msaada. Kitambaa puani huzuia chembe kubwa tu. Barakoa ya N95 iliyobana uso vizuri ni bora zaidi. Mwenye pumu asisafiri bila dawa yake ya kuvuta.

Kifua kikibana, au kikohozi kikiendelea kwa majuma mawili, usilaumu vumbi tu. Nenda kituo cha afya ukapimwe. Kinga ni bora kuliko tiba.