Mgahawa wa Ujiji unaojaa: msafiri aende?

Uliza pa kula ukiwa Kigoma mjini, na wenyeji wengi hawatakutajia hoteli. Watakwambia panda bajaji uende Ujiji, kwa mama fulani ambaye saa saba mchana hapati pa kukuweka. Kwa msafiri anayesubiri treni, au boti ya kumpeleka Gombe, swali ni moja tu: chakula hicho kinastahili safari?

Umati peke yake haunishawishi. Mgahawa wa karibu na stendi hujaa hata wakipika ovyo, maana abiria ana njaa na gari linaondoka. Tazama sahani ya aliyekutangulia. Ukiona wali, maharage na kuku wa kisasa, hukuhitaji kuvuka Tabora kwa ajili ya hayo. Ukiona migebuka, kaa.

Mgebuka ni samaki mwembamba, mrefu kiasi. Mpishi anayejua kazi humkaanga kwanza mpaka ngozi ikakamae, ndipo amuunge kwa nyanya, vitunguu na mawese. Rosti hutoka na rangi ya machungwa inayogoma kutoka vidoleni hata unawe kwa sabuni. Pembeni uje ugali wa muhogo, mlaini, unaovutika. Onja mawese kwanza: yakikereketa koo, yamekaa mno, na mapishi mengine hayataokoa kitu.

Halafu kuna mwezi, jambo ambalo wageni hulisahau. Dagaa na migebuka huvuliwa zaidi usiku wa giza, kwa taa zinazowavuta juu ya maji. Mbalamwezi ikiwaka, wavuvi wengi hupumzika. Kwa hiyo msalimie mpishi kwa heshima, kisha uulize:

“Shikamoo mama. Samaki wa lini hawa?”

“Marahaba mwanangu. Wa juzi, nimewakausha kwa moshi.”

Jibu hilo lisikukimbize. Mwogope anayeapa kwamba samaki wake ni wa leo mwaka mzima. Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa katika Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Katika miezi ya namna hiyo sijui mgebuka mbichi angetoka wapi.

Ujiji nayo inapunguza uchungu wa nauli. Mahali Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871 pana makumbusho na miembe, na kutoka hapo hadi mezani si mbali. (Vijana watakaojitolea kukuonyesha njia, patana nao bei kabla.)

Uamuzi wangu: nenda, lakini mchana, kabla ya saa saba. Ikifika saa tisa unakwanguliwa sufuria, na usiku sehemu nyingi hubaki chipsi. Ukikuta ni wakati wa mbalamwezi, achana na migebuka. Agiza dagaa wakavu walioungwa kwa mawese.