Umeitwa shule nyingine ukaikimbilie? Uliza kwanza

Kama unasoma shule ya kutwa hapa Nakuru na unatoka mtaa kama Kaptembwo, Rhonda au Free Area, saa kumi jioni unaijua vizuri. Wenzako wa bweni wanabadilisha nguo waingie uwanjani. Wewe unapiga hesabu: nikibaki mazoezini, nauli ya matatu itakuwa imepanda, na nyumbani kuna maji ya kuchota. Wengi huenda zao, na si eti ni wavivu.

Kalenda nayo haikungoji. Riadha huwa muhula wa kwanza. Shule zikifunguliwa, wiki chache tu na mchujo wa kaunti ndogo umefika. Ukipita unaenda kaunti, kisha Bonde la Ufa, ambako unasimama mstarini na vijana wa Nandi na Elgeyo Marakwet. (Kwa maoni yangu, kutoka hapo ni kugumu kuliko fainali zenyewe za kitaifa.) Ukiteleza ngazi moja, basi mpaka mwakani. Na kwa sababu ya kanuni za umri, kuna wasio na mwakani.

Ndiyo maana mtu akimpigia mzazi wako simu, “mlete kijana kwetu, karo tutashughulikia,” nyumba nzima husherehekea. Pole pole kwanza. Karo hiyo ni ya muhula huu au mpaka kidato cha nne? Imeandikwa wapi? Goti likigoma Mei, nani atalipa Septemba? Na darasani utaingia, ama utakuwa wa kubeba vikombe tu?

Swali hilo la darasa si dogo. Tazama St Patrick's, Iten. Ndugu Colm O'Connell alifika pale 1976 kutoka Ireland kufundisha jiografia, hana ujuzi wowote wa ukocha wa riadha. Mmoja wa vijana wake, Peter Rono, alipata nafasi ya kusoma Mount St. Mary's, chuo cha Marekani, na akiwa bado mwanafunzi huko akashinda dhahabu ya mita 1,500 katika Olimpiki ya Seoul, 1988. Ibrahim Hussein, wa shule hiyo hiyo, alipitia Chuo Kikuu cha New Mexico kabla ya kushinda New York Marathon 1987 na Boston mara tatu. Miguu iliwafungulia mlango, lakini hakuna chuo kinachokupokea bila matokeo ya mtihani.

Na kama hakuna aliyekupigia simu? Jirani yetu wa Baringo, Paul Tergat, alianza kukimbia kwa dhati baada ya kujiunga na jeshi, shule ikiwa imeisha. Akachukua ubingwa wa dunia wa mbio za nyika mara tano mfululizo, 1995 hadi 1999, kisha 2003 akavunja rekodi ya dunia ya marathon kule Berlin: saa 2:04:55. Kukosa nafasi kidato cha pili hakukufungii chochote.

Ukiitwa hata hivyo, usiende peke yako. Nenda na mzazi, siku ya masomo, si siku ya mashindano. Mwalimu wa michezo akimaliza kukuonyesha vikombe, omba kuongea na mwanariadha aliyeumia mwaka jana. Angalia kama bado yuko shuleni.